Kufuatilia asili na mtawanyiko wa jina adimu la ukoo la Afrika Magharibi: mwongozo kamili kwa mfano wa Jobarteh

Wengi wanaoanza kazi hii hukwama mahali pamoja. Wanaandika jina kwenye tovuti ya majina ya ukoo, inatokea ramani yenye nchi moja iliyokolezwa rangi, nao wanahitimisha kwamba jina limetoka huko. Kumbe ramani ile imehesabu herufi tu. Andika Jobarteh, utaonyeshwa Gambia na miji ya Ulaya wanakoishi Wagambia. Ukoo wenyewe umetapakaa Mali, Guinea, Senegal, Burkina Faso na Côte d'Ivoire, ila huko unaandikwa Diabaté. Mpiga kora (ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi) Sona Jobarteh na marehemu Toumani Diabaté wa Bamako ni binamu. Baba yake Toumani, Sidiki, alizaliwa Gambia kabla ya kuhamia Mali. Damu moja, tahajia mbili, na tovuti ikawaweka kwenye ramani mbili zisizogusana.

Hatua zilizo hapa chini zinatumia Jobarteh kama mfano, lakini zinafaa kwa jina lolote la Wamande, Wawolof, Wafula au Wajola. Zifuate kwa mpangilio. Ukianza na hatua ya 4 kabla ya ya 2, utairudia kazi yote.

## Andaa hivi kwanza

- Jedwali la Excel au Google Sheets lenye safu tisa: tahajia kama ilivyoandikwa kwenye waraka, jina la kwanza, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, mahali pa kuishi au kufariki, aina ya waraka, tarehe uliyouona, maoni yako.
- Ramani mbili za Afrika Magharibi: ya leo, na ya enzi ya ukoloni yenye majina ya wakati huo.
- Simu inayorekodi sauti vizuri, na nafasi ya kutosha kuhifadhi saa kadhaa za mazungumzo.
- Kibodi inayokubali herufi kama é na ï.
- Watu watatu wa kuhoji wasiotoka nyumba moja, na ikiwezekana wasiotoka nchi moja.

Vyanzo vingi utakavyovihitaji ni vya bure. Fedha itatoka kwenye vyeti vya kuzaliwa, kwenye zawadi za wazee, na kwenye kipimo cha DNA ukikitaka.

## Hatua ya 1: Amua unatafuta asili ipi

"Asili ya jina" ni maswali matatu, na kila moja lina jibu lake.

Kuna asili ya tahajia: nani aliliandika hivi, na wapi? Kwa Jobarteh jibu ni Gambia chini ya Waingereza. Kuna asili ya ukoo: jina linalotamkwa lilianzia kwa nani? Hapo unarudi Mande, kwenye mpaka wa leo wa Mali na Guinea. Na kuna asili ya familia fulani: babu wa nyumba hii alifika lini, akitokea kijiji gani? Hilo halijibiwi na kitabu wala ramani. Linajibiwa na watu wenyewe na vyeti vyao.

Andika swali lako juu ya jedwali. Ugomvi mwingi kati ya watafiti wa koo ni wa watu wawili wanaojibu maswali tofauti, wote wakiwa sahihi.

Onyo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Tumezoea jina la tatu kuwa la babu, kwa hiyo hubadilika kila kizazi. Kwa Wamande jina la ukoo halibadiliki. Wabambara na Wamaninka huliita *jamu*, Wamandinka *kontongo*, Wawolof *sant*, Wafula *yettoode*. Mtoto hulichukua kwa baba, na kwa mila mwanamke hubaki nalo hata akiolewa. Usitafute mtu aliyeitwa Jobarteh kama jina lake la kwanza, hutampata.

Kabla ya kuendelea hakikisha kwamba jina lako ni la aina hiyo. Mauritania wapo wengi wanaojitambulisha kwa jina la baba. Banjul na Freetown zina familia za Krio, wazao wa watumwa waliokombolewa, zenye majina ya Kiingereza. Togo, Benin na Lagos zina majina ya Kireno, kama Olympio au de Souza, yaliyoletwa na familia zenye asili ya Brazil na biashara yake. Hayo yana njia nyingine, na hatua ya 2 haitakusaidia sana.

Utajua umefanikiwa ukipata watu wa vizazi vitatu mfululizo katika nyumba moja wenye jina lile lile.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya tahajia

Hapa ndipo kazi ilipo. Karani aliyesoma Kiingereza alisikia sauti akaandika kwa Kiingereza. Wa upande wa pili wa mpaka akaandika sauti ile ile kwa Kifaransa. Wa Bissau kwa Kireno. Mabadiliko yao yana utaratibu, kwa hiyo unaweza kuyatabiri.

- J ya Gambia ni Di au Dj ya Kifaransa, na Dj ya Guinea-Bissau. Jallow, Diallo, Djaló. Jatta na Diatta. Jobe na Diop.
- -eh au -ay mwishoni ni -é. Drammeh na Dramé. Sanneh na Sané. Touray na Touré.
- u ni ou. Kuyateh na Kouyaté.
- Nj ni Ndi. Njie na Ndiaye.
- ny ni gn. Sanyang na Sagna. Kireno huandika nh.
- K hupishana na C, na S hupishana na C. Kamara na Camara. Sesay, Ceesay na Cissé.
- r isiyotamkwa. Hii ndiyo inayowapoteza wengi. Mwingereza wa kusini akiandika "ar" anamaanisha *a* ndefu, wala hatamki r. Darboe wa Gambia ni Dabo wa Senegal. Kwa hiyo r ya Jobarteh haina mizizi popote. Ni alama ya kurefusha irabu tu. Iondoe, kisha uanze upya.

Sasa fanya kazi yenyewe. Jobarteh bila r ni Jobateh. Ondoa h, unapata Jobate. Geuza J kuwa Di: Diobaté. Irabu ya kwanza huyumba kulingana na eneo: magharibi ni *o*, Guinea husikika *ou*, Mali ni *a*. Ndiyo maana unapata Dioubaté Guinea na Diabaté Mali. Liberia utaona Jabateh. Kwa tahajia ya kisasa ya Kibambara ni Jabatɛ.

Orodha yako ya kuanzia iwe hivi: Jobarteh, Jobarte, Jobateh, Jobate, Jabateh, Jabbateh, Jabaté, Jabatɛ, Diabaté, Diabate, Dioubaté, Dioubate, Diobaté, Djabaté, Djobaté, Djoubaté. Tahajia uliyoiona kwenye waraka itie alama ya vema. Uliyoibuni kwa kanuni iache na alama ya kuuliza mpaka uione. Zingine hutaziona kamwe, na hilo halina tatizo.

Ongeza makosa ya kusoma mwandiko. J ya mkono kwenye rejista za zamani husomwa I, T au G. "rt" iliyobanwa husomwa "nt". Aliyenakili rejista kwenda kwenye kompyuta huenda hakuwahi kulisikia jina hilo maishani, kwa hiyo Jobanteh na Tobarteh ni za kujaribiwa.

Penye uwezo wa kutafuta kwa alama ya nyota, tumia J*b*te* na D*b*te*. Baadhi ya tovuti zinataka herufi mbili au tatu kabla ya nyota ya kwanza. Hapo tumia Job*, Jab*, Dia*, Diou* na Dja*, kisha chuja kwa macho.

Linaloharibika hapa: watu huacha alama ya é wakidhani mashine haijali. Baadhi hujali. Tafuta mara mbili, yenye alama na isiyo nayo, kila mara.

Utajua umefanikiwa ukiwa na tahajia kumi hivi au zaidi, na angalau tatu umeziona kwa macho kwenye nyaraka za nchi tatu tofauti.

## Hatua ya 3: Tenga yanayofanana na yanayolingana

Kuna makundi mawili, na usiyachanganye.

Kundi la kwanza ni majina yanayofanana sauti bila undugu. Jabbi wa Gambia, anayeandikwa Diaby kwa Kifaransa, si Jobarteh. Jawara (Diawara) na Diakité si Jobarteh pia. Yaweke kwenye orodha ya kukataa. Ukitumia nyota yatakuja kwa mamia.

Kundi la pili ni gumu zaidi: majina yenye sauti tofauti ambayo jamii yenyewe inayahesabu kuwa sawa. Mtu wa Traoré akihamia kwa Wawolof anaweza kuitwa Diop. Diarra huwa Ndiaye. Mhamiaji alipofika ugenini alipokewa na ukoo unaolingana na wake, na watoto wake wakaandikwa kwa jina la wenyeji. Diabaté nao wana jirani wao. Masimulizi ya Mande yanasema ndugu wawili wawindaji walimwendea nyati wa nchi ya Do. Mmoja akamuua, mwenzake akamsifu. Uzao wa aliyeua ni Traoré, wa aliyesifu ni Diabaté.

Juu ya hayo kuna *sanankuya*, ambayo msomaji wa Tanzania ataielewa mara moja kwa sababu ni utani wa makabila, ila huku ni wa koo. Traoré na Koné wanataniana hadi kwenye foleni ya benki. Ukiambiwa "huyo ni mtumwa wetu" na watu wanacheka, usiandike kwenye jedwali kama historia. Lakini pia kumbuka kwamba watu waliokuwa watumwa kweli mara nyingi walichukua jina la mabwana zao. Jina moja halithibitishi damu moja.

Weka safu ya kumi, "jina linalolingana". Likitokea, lirekodi hapo. Usijumlishe idadi zake na za jina lako.

## Hatua ya 4: Pima mtawanyiko wa leo

Tovuti za ramani za majina duniani zinafaa kwa jambo moja: kukupa dokezo la nchi za kuanzia. Takwimu zake nyingi ni makadirio yaliyokuzwa kutoka kwenye sampuli, na kwa jina adimu sampuli ndogo hupotosha vibaya. Usinakili tarakimu yake hata moja kwenye hitimisho lako.

Nenda kwenye vyanzo vya serikali, ukijua kila kimoja kinaficha nini.

Uhispania. Anza huku, kwa sababu Wagambia wengi wako Catalonia. Taasisi ya takwimu ya INE ina ukurasa wa majina ya ukoo unaoonyesha idadi kwa kila jimbo. Jina lenye watu chini ya 20 nchi nzima halionyeshwi. Raia wa Uhispania huandikwa majina mawili, kwa kawaida la baba kisha la mama, kwa hiyo utaona safu za "jina la kwanza la ukoo", "la pili" na "yote mawili". Ukijumlisha la kwanza na la pili unahesabu uzao wa baba pamoja na wa mama. Kwa mtawanyiko tumia safu ya kwanza peke yake. Safu ya pili ihifadhi: inakuonyesha mabinti wa ukoo walikoolewa, jambo ambalo nchi nyingine hazikupi.

Ufaransa. Tafuta Diabaté, Jobarteh na Dioubaté kila moja peke yake. Taasisi ya takwimu ya huko, INSEE, ilitoa faili la majina ya ukoo kwa waliozaliwa Ufaransa kati ya 1891 na 2000, kwa kila mkoa. Hilo halina wahamiaji wenyewe, lina watoto wao tu. Linalofaa zaidi ni faili la vifo, lenye waliofariki tangu 1970 na lililo wazi kwa umma tangu mwishoni mwa 2019. Kila mstari una jina, tarehe ya kuzaliwa, mji na nchi ya kuzaliwa, na mahali pa kifo. Tovuti ya matchID inakuwezesha kutafuta humo bila malipo. Mfanyakazi aliyezaliwa Kayes au Kita nchini Mali na kufariki Paris utamkuta na mji wake wa kuzaliwa. Kwa mtafiti wa jina adimu hakuna hazina kubwa kuliko hiyo.

Marekani. Ofisi ya sensa ilichapisha majina yote ya ukoo yenye watu 100 au zaidi kutoka sensa ya 2000 na ya 2010. Jina lisipokuwemo maana yake ni chini ya watu 100 kwa tahajia hiyo. Andika "chini ya 100", usiandike sifuri.

Uswidi na Norwei. Ofisi zao za takwimu zina ukurasa wa kutafuta jina. Zina Wagambia wa kutosha kukupa tarakimu zenye maana.

Uingereza. Hakuna orodha rasmi ya namna hiyo, kwa hiyo tumia faharasa ya vizazi. Kuanzia robo ya tatu ya 1911 faharasa inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya ndoa. Jobarteh mwenye mama Ceesay au Kuyateh tayari amekupa uzi wa pili.

Afrika Magharibi yenyewe. Usitarajie takwimu rasmi za majina. Mbadala ni orodha zinazotangazwa hadharani zikiwa na majina na maeneo: matokeo ya mitihani ya taifa, walioajiriwa serikalini, wagombea wa uchaguzi, magazeti ya serikali. Hesabu tu, kisha tupa majina binafsi. Huna haja ya kuhifadhi jina la mwanafunzi wa miaka kumi na saba.

Ukimaliza kuhesabu usichore ramani bado. Idadi ghafi huipendelea miji mikubwa. Gawanya kwa idadi ya watu wa eneo, zidisha kwa 100,000. Tuseme wilaya ya watu 800,000 ina watu 24 wa jina lako: 24 ÷ 800,000 × 100,000 = 3. Jiji la watu 5,000,000 lenye watu 40 linatoa 0.8. Jiji lina watu wengi zaidi wa jina hilo, lakini wilaya ndiyo yenye msongamano, na msongamano ndio unaokuelekeza kwenye makao ya zamani.

Chora ramani mbili, moja ya kila tahajia peke yake, nyingine ya tahajia zote pamoja. Ya kwanza itafuata mipaka ya wakoloni, ya pili itaivuka.

Onyo kuhusu wanawake walioolewa. Mila inasema mwanamke hubaki na jina la baba, ila sheria za ndoa na makarani wa nchi nyingine wamefanya vingine. Henriette Dagri Diabaté, mwanahistoria na mwanasiasa wa Côte d'Ivoire, alizaliwa Dagri; Diabaté ni la mume. Ukimhesabu kama binti wa ukoo umekosea.

## Hatua ya 5: Rudi nyuma kwa nyaraka

Kabla ya kufungua rejista yoyote, geuza majina ya mahali. Banjul iliitwa Bathurst mpaka 1973. Janjanbureh iliitwa Georgetown mpaka 1995. Mali iliitwa Sudan ya Kifaransa, kisha Jamhuri ya Sudan, mpaka 1960. Mtego mkubwa ni Burkina Faso: ikiitwa Upper Volta, ilivunjwa 1932 na ardhi yake kugawiwa majirani, ikarudishwa 1947. Mtu aliyezaliwa Bobo-Dioulasso mwaka 1938 anaweza kuandikwa "Côte d'Ivoire", naye hakuwahi kuvuka mpaka. Mpaka ndio uliomvuka.

Tarehe nazo zina namna yake. "Né vers 1893" (alizaliwa karibu na 1893) ni kukisia. Kwenye faili la vifo la Ufaransa, siku na mwezi visivyojulikana huandikwa 00, na kwenye nyaraka nyingine huwa 1 Januari au 31 Desemba. Ukikuta familia nzima imezaliwa tarehe 1 Januari, hapo karani alijaza nafasi.

Mahali pa kutafuta:

Wanajeshi wa Ufaransa. Hifadhidata ya Mémoire des hommes ina kadi za waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wakiwemo askari wa Afrika Magharibi. Kadi huonyesha kikosi, mahali na mwaka wa kuzaliwa. Diabaté wamo, utalazimika kuzifungua moja moja kwa sababu tahajia hubadilika.

Wanajeshi wa Gambia. Kampuni ya Gambia ya jeshi la Waingereza ililetwa kupigana Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1917, na Vita ya Pili ikawapeleka wenzao Burma. Tafuta kwenye hifadhidata ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, lakini usikate tamaa ukikosa: askari wengi wa Kiafrika waliandikwa kwa jina moja tu, na wengi hawakuandikwa kabisa. Tume yenyewe ilikiri hilo katika ripoti ya 2021.

Hifadhi za taifa. Banjul kwa Gambia, Dakar kwa Senegal pamoja na utawala wa iliyokuwa Afrika Magharibi ya Kifaransa, Bamako kwa Mali. Hifadhi ya Ufaransa iliyoko Aix-en-Provence imeweka mtandaoni rejista za vizazi na vifo za miji ya Senegal iliyotawaliwa mapema. Usitarajie vijiji. Mashambani uandikishaji ulichelewa sana, na hilo halitokani na uzembe wako wa kutafuta.

Usipoteze muda kwenye rejista za waliokombolewa kutoka meli za watumwa Freetown na Havana. Zina majina zaidi ya 91,000 na ni za thamani kubwa kwa utafiti mwingine, ila karibu yote ni majina binafsi. Majina ya ukoo ya aina ya jamu hayamo isipokuwa kwa bahati.

## Hatua ya 6: Wazee na majeli

Jobarteh ni moja ya koo za *jali* (*jeli* upande wa mashariki), watunza masimulizi na wapiga kora, balafoni (aina ya marimba) na ngoni (aina ya zeze). Mwenye jina hili ana bahati: ukoo wake wenyewe ndio hifadhi. Pale Kela, karibu na Kangaba nchini Mali, majeli wa Diabaté ndio wanaosimulia habari za Mande wakati paa la nyumba takatifu ya Kamablon linapoezekwa upya kila miaka saba. Sherehe hiyo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009. Gambia, kituo cha taifa cha sanaa na utamaduni, NCAC, kina kanda za masimulizi zilizorekodiwa kwa miongo, na sehemu yake imewekwa kwenye mfumo wa kidijitali. Omba kusikiliza kabla ya kusafiri.

Ukienda kwa mzee, usiende mikono mitupu. Peleka kokwa za kola, nyeupe zikipatikana, umkabidhi kabla ya swali la kwanza. Kwa jeli kuna pia fedha, na kiasi kiulize kwa mwenyeji wako, siyo kwa jeli mwenyewe. Omba ruhusa ya kurekodi, na useme wazi utafanya nini na sauti.

Uliza kwa mpangilio huu, kwa sababu maswali ya karibu huwasha kumbukumbu ya mbali:

1. Jina la baba yako kamili, na la mama yako na ukoo wake.
2. Babu alizikwa wapi? (Kaburi husemwa kwa uhakika kuliko kuzaliwa.)
3. Nani wa kwanza kufika kijiji hiki, na alimkuta nani?
4. Alikotoka palikuwa na mto gani, na mfalme gani?
5. Mnaoana na koo zipi?
6. Mnataniana na nani?
7. Kuna tawi lililohama? Linaandika jina vipi?

Swali la tano ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Majeli kwa kawaida wameoana wenyewe kwa wenyewe: Jobarteh, Kuyateh, Susso. Orodha ya wakwe ikijaa koo hizo, uko kwenye tawi la majeli. Isipokuwa hivyo usilazimishe, kwani si kila Diabaté ni jeli.

Linaloharibika hapa: jeli atakufikisha kwa Sunjata, mwanzilishi wa dola ya Mali katika karne ya 13, kwa dakika ishirini. Ni sifa za ukoo, na amekupa ulichomlipia. Lakini hesabu vizazi: utapata babu wanne au watano wa karibu wenye vijiji na makaburi, kisha shujaa wa Mande, na katikati hakuna mtu. Pengo hilo liandike kama pengo. Usilijaze kwa kugawanya miaka mia sita kwa majina uliyo nayo.

Tarehe za wazee zipime kwa matukio: homa ya mafua ya 1918, kuvunjika kwa Shirikisho la Mali Agosti 1960, uhuru wa Gambia 18 Februari 1965. "Nilikuwa nachunga mbuzi bendera ilipopandishwa" inakupa mwaka wa kuzaliwa ndani ya miaka mitatu hivi.

Utajua umefanikiwa watu wawili wasiojuana, wa nchi mbili, wakikutajia kijiji kimoja bila wewe kukitamka.

## Hatua ya 7: DNA, ukiitaka

Kwa jina linalorithiwa kwa baba, kipimo chenye maana ni cha kromosomu Y, kwa wanaume wawili wenye tahajia tofauti: Jobarteh mmoja na Diabaté mmoja. Kuambiwa tu kwamba wote ni wa kundi la E-M2 hakusemi kitu, maana wanaume wengi mno wa Afrika Magharibi wako humo. Unahitaji kipimo cha kina kinachokadiria lini babu yao wa pamoja aliishi.

Vipimo vya kawaida vya mate hutoa orodha ya "binamu". Kwa ukoo unaooana ndani kwa ndani, makadirio hayo huwaleta watu karibu kuliko walivyo. Anayeonyeshwa kuwa binamu wa tatu huenda ni wa sita kwa njia nne tofauti.

Jamaa wakiwa Ufaransa usiwatumie kifurushi. Kipimo cha DNA cha kujitafutia asili ni kosa la jinai huko, na faini yake inafika yuro 3,750.

## Hatua ya 8: Andika matokeo

Aya tatu zinatosha, moja kwa kila swali la hatua ya 1. Kila dai liwe na daraja: thabiti (waraka pamoja na mtu, au nyaraka mbili huru), linaelekea (chanzo kimoja kizuri), simulizi (mdomo peke yake). Ambatisha ramani mbili na orodha ya tahajia zenye alama ya vema. Watu walio hai wasitajwe bila ridhaa yao.

## Unapokwama

*Tahajia zote zinarudisha sifuri.* Kanuni ya r au ya irabu ya kwanza hujaitumia. Rudi hatua ya 2, tamka jina kwa sauti mbele ya mzungumzaji wa Kimandinka, umwombe aliandike mwenyewe.

*Yanarudi maelfu.* Umeangukia kwenye tahajia ya kawaida, yaani Diabaté. Usisome yote. Chuja kwa mji wa kuzaliwa, anza na miji miwili tu.

*Ramani ina vituo viwili vilivyo mbali.* Angalia kama kimoja ni mji mkuu au bandari; hicho ni cha wahamiaji wa ajira. Vikiwa vyote vya mashambani, huenda una matawi mawili kweli, na swali la 7 la wazee ndilo la kuliuliza tena.

*Watu wengi mno wana jina moja kamili.* Gambia imejaa Lamin, jina ambalo wengi humpa mtoto wa kiume wa kwanza. Watofautishe kwa mama: andika "Lamin, mama Kuyateh, Brikama" na "Lamin, mama Susso, Bansang". Ndivyo wanavyotofautishana wenyewe nyumbani, na jedwali lako litaacha kumhesabu mtu mmoja mara mbili.